Gundi Isiyongoja Wageni

Tangu gundi mpya ifike karakanani, Bożena alikuwa ameimba wimbo mmoja hadi akachoka kujisikia mwenyewe: hii siyo ile ya zamani. Ile ya zamani ilikuwa na uvumilivu wa punda. Jioni ulizima mashine, gundi ikaganda ndani ya tangi kama mafuta ya nyama kwenye sufuria. Asubuhi ukawasha, ikayeyuka, kazi ikaendelea. Baba mkwe wake, Romuald, alikuwa amefanya hivyo tangu aliponunua mashine yake ya kwanza ya kubandika ukanda kwenye kingo za mbao, na mwanawe Irek, mume wa Bożena, alijifunza hivyo hivyo.

Hii mpya, ya poliyurethani, ilikuwa na tabia nyingine. Ilikauka kwa unyevu wa hewa, na ikishakauka haiyeyuki tena hata uipike vipi. Ndiyo maana maji na mvuke haviiwezi. Na ndiyo maana kabla hujazima mashine ni lazima uitoe yote, upitishe dawa ya kusafishia kwenye tangi na kwenye rola, ndipo uende zako.

Waliihitaji kwa sababu ya milango ya makabati ya bwawa la kuogelea la mjini. Milango waliyoitengeneza kwanza, kwa gundi ya zamani, ilikuwa imebanduka kingo. Bi Otylia, meneja wa bwawa, alileta mlango mmoja kwenye buti la gari, akaulaza juu ya meza ya kazi, ukanda wake umening'inia kama ulimi wa mbwa. Alisema atawapa nafasi moja tu ya kurekebisha. Bwawa lingefunguliwa tena Jumatatu baada ya ukarabati, na milango ilitakiwa iwe imefungwa mahali pake, kingo zimeshika.

Bożena ndiye aliyesimama kidete kwamba gundi ibadilishwe. Alikuwa na stashahada ya teknolojia ya mbao kutoka chuo cha Poznań, stashahada ambayo Romuald aliikumbuka tu pale kitu kinapoharibika. Mzee alikubali, lakini alikubali kwa namna yake.

"Haya, umeitaka gundi yako," alisema. "Ikishindikana tunarudi kwenye yetu, na mambo ya karakana utatuachia sisi. Wewe utabaki na simu na wateja."

Hilo ndilo lililomkaa Bożena rohoni. Simu na wateja. Miaka yote ya kuvuta vumbi la mbao, halafu simu na wateja.

Ijumaa nusu ya milango ilikuwa imeshabandikwa kufikia saa nne asubuhi, na ilikuwa mizuri. Mstari wa gundi haukuonekana hata ukiuweka mlango puani. Lakini Ijumaa hiyo ilikuwa pia sikukuu ya jina la Romuald, siku ya mtakatifu wa jina lake, ambayo kwao husherehekewa kuliko hata siku ya kuzaliwa, na Kinga, binti wa Bożena na Irek, alikuwa na miadi ya daktari wa meno huko Kępno, miadi ambayo ukiikosa unangoja hadi mtoto aote mvi. Bożena alivaa koti, akamsimamisha Irek mbele ya mashine.

"Ukisimama zaidi ya muda wa kikombe cha kahawa, safisha tangi. Hata akikuita Papa wa Roma, safisha kwanza."

"Bożenka, mimi siyo mtoto."

"Mtoto ningemwachia bila wasiwasi," alisema, akaondoka.

Aliporudi alasiri ua ulikuwa umejaa magari. Sikukuu ya jina haina mialiko. Anayekumbuka anakuja, na anayekuja lazima apate kiti na sahani. Kutoka karakanani hakukuwa na mlio wowote. Alitaka kwenda huko moja kwa moja, lakini shangazi yake Irek alikuwa ameshafungua mlango wa nyumba, akamvua koti kama anayemkamata mwizi, akamsukuma sebuleni.

Romuald aliketi mwisho wa meza, mashavu mekundu, shati jeupe. Alitangaza kwamba mkwe wake amefika hatimaye, kwamba wageni wanakufa njaa, na kwamba Irek amekata soseji kama anayepasua kuni. Watu walicheka. Bożena alimtafuta mumewe kwa macho. Irek alikuwa anamtazama samaki wa chumvi kwenye sahani yake kana kwamba ndiye daktari wake.

"Tangi?" Bożena aliuliza.

"Nimezima," alisema Irek.

"Sikukuuliza kama umezima."

Bożena akageuka kuelekea mlangoni, na hapo ndipo shughuli ilipoanza. Kabichi chachu yenye nyama ilikuwa inaungua jikoni, akaikoroga. Akaelekea mlangoni, mtu akaomba chai. Akapeleka chai, akaelekea mlangoni, Romuald akainua glasi na kusema hakuna anayetoka kabla ya kunywa kwa jina lake, sembuse mama mwenye nyumba. Tangu mke wake afe, mama mwenye nyumba alikuwa Bożena, na cheo hicho hakikuwa na likizo.

"Baba, niache dakika moja nikaangalie gundi."

"Kaa, mwanangu. Gundi haina miguu."

"Ingekuwa nayo ingekuwa imeshaihama nyumba hii."

Meza nzima ikacheka, Romuald akacheka kuliko wote, na Bożena akajikuta ameketi, uma mkononi. Kila mtu alikuwa na wakati. Jirani mmoja alisimulia mkasa mrefu wa nyuki wake. Mwishowe waliposimama wote kumwimbia mzee aishi miaka mia, na kila mtu amefumba macho na kufungua mdomo, Bożena aliteleza nje kwa viatu vyake vya sikukuu.

Karakana ilikuwa baridi. Kifuniko cha tangi kilikuwa wazi. Alichovya kijiti, kijiti kikagonga. Juu kulikuwa na gamba gumu, na chini yake gundi ilivutana kama mpira. Rola, ile inayopaka gundi kwenye ukingo wa mbao, ilikuwa imevikwa utando mgumu unaong'aa, imeshikana na mahali pake, haizunguki. Milango iliyobaki iliegemea ukutani, kingo zake wazi.

Irek aliingia nyuma yake. Kabla hajauliza chochote alinyoosha mkono akawasha moto wa tangi na kuzungusha kitufe hadi mwisho, jinsi alivyofanya maisha yake yote gundi ilipoganda. Haukupita muda, harufu kali ikaanza kuuma macho. Bożena alimpiga mkono, akazima, akafungua lango kubwa, na baridi yote ya Februari ikaingia ndani.

"Unataka tufe kwa moshi? Haiyeyuki. Nimesema kwa Kipolandi, sikusema kwa Kichina."

Irek alieleza huku akikohoa. Wageni wa kwanza walikuja mapema, baba akaita. Alidhani ni nusu saa. Baba akaita tena, mbele za watu, akiuliza kama mwanawe ameolewa na mashine. Hakutaka kuonekana anaosha masufuria wakati watu wanakunywa kwa jina la baba yake.

Bożena alimsikiliza. Alitaka kumtupia kitu, lakini alikumbuka kwamba yeye mwenyewe, mwenye stashahada na mdomo, alikuwa ameketi mezani na uma mkononi huku gamba likikauka. Katika nyumba hii Romuald alipoita, watu waliketi. Hilo lilimuudhi zaidi kuliko gundi.

Tangi jipya na rola mpya vingetoka kwa muuzaji, na muuzaji alikuwa ameshafunga hadi Jumatatu. Mashine nyingine ya gundi hii ilikuwa kijiji cha pili, na mwenye mashine alikuwa sebuleni anakula keki yake ya jibini. Huyo ni Benon. Yeye na Romuald walianza ujana pamoja kwenye kiwanda cha samani cha serikali, na tangu kila mmoja afungue karakana yake walikuwa wakitembeleana siku za sikukuu na kusengenyana siku nyingine zote.

Bożena alimwita Romuald jikoni na kufunga mlango.

"Baba, gundi imekauka ndani ya tangi. Mashine imekufa."

"Nilisema gundi hiyo—"

"Gundi imefanya kazi iliyotengenezewa. Sisi ndio tulikuwa tunakula."

Mzee alitazama sakafu, kisha akapendekeza watoe mashine ile kuukuu stoo na kumalizia kwa gundi ya zamani. Bożena alimuuliza, kingo zikibanduka tena kwa mvuke, Bi Otylia amletee nani huo mlango, yeye au mtu wa simu na wateja.

"Benon yupo mezani," alisema Bożena.

"Nimwombe Benon? Siku ya jina langu? Kwenye meza yangu?"

"Ndiyo siku aliyokuja. Ukiomba wewe, ni jirani kwa jirani. Nikiomba mimi, kesho watasema umejificha nyuma ya sketi."

Alimwacha hapo na kurudi sebuleni na birika la chai, ili asimpe nafasi ya kubishana. Romuald alitoka baada ya muda, akaketi, akazungumza na Benon kuhusu kiwanda cha zamani, kuhusu msimamizi wao mwenye jicho moja, kuhusu bei ya mbao za mwaloni. Bożena alimimina chai na kusaga meno. Hatimaye mzee akasema, bila kumtazama mtu, kwamba mashine yake imepata mafua na kuna milango ya kumalizia.

Benon hakuwa mjinga, na hakuwa na haraka. Alifuta mdomo.

"Romek, si wewe uliyesema mashine yangu ni ya watu wasio na mikono?"

"Nilisema," Romuald akajibu. "Basi leo sina mikono."

Benon akacheka kidogo puani, akasema waje asubuhi. Ila mashine yake ataigusa Bożena peke yake. Romek atabeba mbao.

Wageni walipoondoka, Bożena aliamuru milango yote iliyobaki iletwe sebuleni na kupangwa kando ya jiko la kupashia nyumba joto, kwa sababu ukipitisha mbao ya baridi, gundi inaganda kabla haijashika. Usiku ule mbao zililala mahali pa wageni, katikati ya sahani chafu, na hakuna aliyebisha.

Jumamosi kwa Benon, Romuald alibeba kweli. Mlango wa kwanza ulipotoka mashineni alijaribu ukingo kwa ukucha, kama alivyozoea kukagua kazi. Bożena alimwondoa mkono na kumwambia gundi bado inaendelea kukauka ndani, itahitaji siku kadhaa kufika mwisho wa nguvu zake, na kucha zake azitunze. Benon alisikia, akaenda kumsimulia mkewe.

Jumatatu milango ilifungwa kwenye makabati. Bi Otylia alipitisha kidole kila ukingo, kabati kwa kabati, akasema ataona baada ya mwezi wa mvuke. Kutoka kwa Bi Otylia hayo yalikuwa mashada ya maua.

Romuald alihangaika na tangi lililokufa kwa patasi na nyundo hadi patasi ikavunjika. Kisha akaja jikoni, akasema kwamba tangi jipya likifika, mambo ya gundi yatakuwa ya Bożena. Atakachosema kuhusu kuwasha na kuzima ndicho kitakachofanywa. Alisema haraka, kama mtu anayemeza dawa, akatoka.

Jioni ya kwanza ya tangi jipya, kazi ilipokwisha, Irek alinawa mikono na Romuald akavaa kofia. Bożena alibaki mbele ya mashine, dawa ya kusafishia ikitoka polepole, bado chafu. Alisikia mlango wa karakana ukifunguliwa, akaelewa mara moja namna ushindi wake ulivyokuwa umepangwa: wao mezani, yeye kwenye tangi, kila jioni hadi azeeke.

"Rudini wote wawili," alisema. "Baba, shika kitambaa. Irek, njoo kwenye rola."

Romuald alisimama mlangoni.

"Supu itapoa, mwanangu."

"Supu inapashwa tena."

Mzee alifikiri kidogo, akavua kofia, akauliza kitambaa kiko wapi.