Pumzi ya Fundi

Fundi cherehani alikuwa ameapa hatatia mguu baharini. Miaka sita nyuma binti yake wa pekee aliacha cherehani dukani, akaenda kisiwani kufundisha watu kuzamia, na tangu hapo mama alimnunia. Cherehani ya binti aliifunika shuka safi, na kila Ijumaa aliitia mafuta, maana mtoto angerudi siku akili zikimrudia. Hakurudi. Basi mama akamfuata mwenyewe.

"Nitarudi nawe, Mama," binti alimwambia. "Ila kwanza uzame na mimi mara moja, kisha useme hujaona cha maana."

Haya, kuona tu? Fundi akakubali papo hapo.

Walivaa mitungi ya hewa wakiwa kwenye maji ya kiunoni, upande uliokingwa na mwamba, ambako bahari ilitulia kama maji ya beseni. Sharti lilikuwa moja, asibane pumzi. "Mapafu yakijaa utapanda juu bila kutaka, na hewa itakuumiza," binti alisema. "Nikikuonya ukarudia, tunatoka."

"Mwanangu, mimi napumua tangu hujazaliwa."

Ndivyo alivyojigamba. Walipofika chini, jamani, alisahau hata jina lake. Yeye aliyejidai anajua kila rangi ya uzi, sasa samaki walimpita puani na rangi ambazo hakuna duka lingemuuzia. Na matumbawe! Moja lilikuwa jembamba, limefumwa tundu kwa tundu kama lesi, na hakuna mkono uliolifuma. Alitamani kulia. Akalisogelea azihesabu zile tundu, na hapo akabana pumzi, vile abanavyo kila siku akitunga uzi kwenye sindano. Mazoea ya miaka arobaini hayo.

Akaanza kupanda. Binti akamdaka mkono, akapuliza mapovu kumkumbusha, kisha akaelekeza dole gumba juu na kutikisa kichwa. Akirudia, wanatoka.

Ushindi ulikuwa huo hapo: abane tena, watoke, aseme hajaona kitu, warudi nyumbani wote wawili. Lakini hakutaka kutoka. Mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga maji taratibu, kama uko kwenye cherehani, chini avute hewa, juu aitoe. Pumzi ikatulia. Akageuka, akamwona binti yake ameelea kando, mikono kifuani, hana haraka na lolote. Dukani hakuwahi kumwona ametulia hivyo hata siku moja. Ilimuuma, na ilimfurahisha pia.

Walipotoka, binti alimgeukia kabla hata ya kufungua mkanda wake. "Haya, Mama. Umeona kitu?"

Fundi alijifuta chumvi usoni.

"Nikifika nyumbani, ile cherehani yako nitampa mtu mwingine."

Macho ya binti yakajaa machozi.

"Na kesho unizamishe tena," mama akasema. "Zile tundu sijazimaliza."