Kidole Gumba Ukutani

Mwalimu wa kinanda alijigamba wiki nzima kuhusu simu aliyoifunga juu ya kinanda chake, ili kamera yake irushe picha ya vidole vyake, vionekane vikubwa ukutani na darasa zima lijifunze. "Leo hakuna wa kusema hakuona!" Akaanza kupiga, vidole vikitiririka kama maji.

"Utupandishie kidogo, Mwalimu," wanafunzi waliokuwa wakiimba wakaomba, maana wimbo ulikuwa chini mno kwa sauti zao.

Mazoea yana taabu. Kidole gumba kikanyata kama paka anayenyemelea kitoweo, kikabonyeza kitufe kinachoupandisha wimbo chenyewe, bila mpigaji kuhamisha vidole. Vidole vingine vikarudi palepale, penye njia moja tu aliyowahi kuijua maishani. Na ukutani kidole gumba kilikuwa kikubwa kama mgomba.

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akatamani ardhi ipasuke immeze. Juzi tu alimtoa nje msichana mmoja kwa kubonyeza kitufe hichohicho. "Hicho ni cha wavivu!" alimfokea mbele ya wenzake.

Akamtafuta kwa macho, akijua atamkuta anacheka kuliko wote. Msichana alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu visivyo na kamba.