Joto la Kufika Shinyanga

Mtoto wa kwanza wa Limi alifia ndani ya gari la zahanati asubuhi moja ya kipupwe, mwaka 1952, kabla hawajafika Kahama. Alikuwa amezaliwa kabla ya wakati, mimba ikiwa ya miezi saba. Mkunga Serafina alimvingirisha kwa pamba na blanketi, akampangia chupa za maji ya moto ubavuni, wakaondoka kabla jua halijachomoza, kumpeleka hospitali ya Shinyanga. Lakini kutoka kambi yao ya wachimba dhahabu, kusini mwa Geita, barabara ilikuwa ndefu na mbovu, na gari lenyewe, Moris ndogo, lilipitisha upepo kila mahali: milangoni, sakafuni, hata pale kioo kilipokutana na bati. Chupa zikapoa. Serafina akamhamishia mtoto kifuani mwake, akawa anampumulia pumzi za moto kichwani. Kisha akanyoosha mkono, akamgusa dereva begani.

"Bujiku, punguza mwendo. Hakuna haraka tena."

Bujiku alisimamisha gari. Ndiye aliyekuwa dereva wa zahanati na fundi wake pia. Ufundi alijifunzia jeshini wakati wa vita. Limi alishuka bila kulia. Alizunguka mpaka mbele, akaegemeza viganja vyake juu ya boneti, akaviondoa upesi.

"Fundi," alisema, "huku mbele kuna moto namna hii. Mbona mwanangu amekufa kwa baridi kule nyuma?"

Waligeuza gari wakarudi walikotoka.

Baada ya mazishi Bujiku alimwendea Serafina, akamwomba ruhusa ya kuligusa gari.

"Nataka joto la injini liingie ndani, Mama."

"Utaweza?"

"Sijui."

"Basi jaribu. Ila uniachie gari linalotembea."

Njia aliyoiona kwanza ndiyo iliyokuwa rahisi. Bomba la moshi linalotoka kwenye injini huwaka kama jiko, kwa hiyo alilizungushia koti la bati la debe, akaacha nafasi ya hewa katikati, akatoboa ukuta unaotenga injini na viti na kuingiza mrija hadi miguuni mwa abiria. Siku ya kujaribu alimchukua mkewe, Eufrasia, wakafunga vioo vyote na kushika njia ya Geita. Joto lilikuja zuri. Eufrasia alivua khanga ya mabegani, akacheka.

Hawakwenda mbali, Eufrasia akaanza kulalamika kwamba kichwa kinamuuma. Bujiku mwenyewe alihisi paji la uso likimbana, akadhani ni jua. Alipomsemesha tena mkewe hakujibiwa. Aligeuka, akamwona kichwa kimelalia mlango na mdomo umelegea.

Alimvuta nje, akamlaza nyasini, akampepea kwa kofia huku akimwita jina lake la utotoni. Eufrasia alifumbua macho baada ya muda, akatapika, akakaa akiwa ameshika magoti. Bujiku alirudi kwenye injini na kulichunguza bomba. Lilikuwa na ufa mwembamba chini ya lile koti la bati, na moshi wake, usioonekana wala kunuka sana, ndio uliokuwa ukiingia ndani pamoja na joto.

"Baba Onesmo," mkewe alimwambia walipokuwa wakirudi na vioo vyote wazi, "mimi nimeamka. Mtoto wa miezi saba angeamka?"

Jioni ile ile alilivunja lile koti la bati kwa nyundo. Akaziba tundu, akaliacha gari kama lilivyokuwa. Kwa majuma kadhaa hakutaka kulizungumzia, na Serafina hakumuuliza.

Aliyempa wazo jingine hakujua kwamba amempa. Serafina alikuwa akijaza chupa zake maji ya moto kwa ajili ya mzazi aliyetetemeka, akanung'unika, "Laiti yangekuwa hayapoi njiani." Bujiku alisimama pale pale mlangoni. Maji ya rejeta hayapoi njiani. Yanachemka safari nzima, na hayana moshi.

Ili kuyapitisha ndani ya gari alihitaji mrija wa shaba, mrefu na uliokunjwa vizuri. Pale kambini ulikuwapo mmoja tu wa namna hiyo, nao ulikuwa wa Bhoke, mwanamke wa Tarime aliyepika gongo nyuma ya vibanda vya wachimbaji. Bujiku alimkuta akichochea moto chini ya pipa lake.

"Wataka mrija wangu?" Bhoke aliuliza. "Huo ndio unaowalisha wanangu."

"Najua, dada. Nimekuja kuomba, si kudai."

Bhoke alichochea kuni. Mwishowe alisema, "Yule mtoto wa Limi nilimwosha mimi. Alikuwa baridi kama samaki." Akainuka, akauondoa moto chini ya pipa. "Subiri upoe, uuchomoe."

Bujiku aliuweka mrija ndani ya sanduku la bati chini ya dashibodi. Injini ile haikuwa na pampu ya maji; maji yalizunguka yenyewe, yakipanda yakiwa moto na kushuka yakipoa. Kwa hiyo alileta maji ya moto yaingilie juu ya sanduku, na yaliyopoa akayapa njia ya mteremko kurudi chini ya rejeta. Hewa aliitoa mbele kabisa ya gari, mbali na moshi, ipite katikati ya shaba na kutokea miguuni. Viungo alivilehemu kwa risasi, akavirudia mara nyingi. Safari hii alijaribu peke yake, vioo vimefungwa, na Eufrasia hakuruhusiwa hata kukaribia. Alizunguka kutwa nzima. Kichwa hakikumuuma.

Kipupwe kilichofuata, Limi alishikwa na uchungu tena kabla ya wakati. Akazaa mtoto wa kike, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Serafina alipoagiza gari, Limi alimkumbatia mtoto akageukia ukutani.

"Ndani ya gari lile siingii. Afie hapa, nyumbani kwa baba yake."

Mageni, mumewe, alimtazama Bujiku kana kwamba aamue yeye. Bujiku alikwenda kuwasha injini, akaiacha ipate moto, kisha akarudi.

"Mama, njoo uweke mkono tu. Ukikataa baada ya hapo, sitasema neno."

Limi alikwenda akisaidiwa na mumewe. Aliingiza mkono chini ya dashibodi, akakaa nao pale kwa muda mrefu. Kisha akapanda.

Walikuwa wanaingia Nyasubi, pembeni mwa Kahama, mpira unaoleta maji ya moto ulipochomoka kwenye sanduku. Maji ya moto yalimwagikia mguu wa Bujiku, mvuke ukajaa. Serafina alimfunika mtoto kwa mwili wake. Bujiku alisimamisha gari, akaushika mpira kwa mikono mitupu, akaurudisha mahali pake na kuukaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Ngozi ya vidole ilibaki kwenye shaba. Wanawake waliokuwa wakitoka kuteka maji walisogea, na walipoelezwa kulikoni, wakatua ndoo zao na kuijaza rejeta.

"Vipi mtoto?" Bujiku aliuliza akipanda.

Serafina aligusisha midomo yake kwenye nyayo za mtoto. "Ana joto. Endesha."

Hospitali walimpokea akiwa hai. Bujiku alibaki uani amekaa kwenye ngazi ya gari, mikono ameiweka wazi mapajani, mpaka Serafina alipotoka kumwambia kwamba wanamlisha maziwa ya mama yake tone kwa tone, naye anameza. Hapo Bujiku aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika. Serafina aliketi kando yake.

Limi alikaa Shinyanga mpaka mvua za kwanza. Siku aliyorudi kambini alipitia zahanati pamoja na Mageni, akamkuta Bujiku, vidole vyake bado vina makovu mekundu, akifunga gurudumu.

"Mshike," alisema.

"Mikono yangu ina grisi, Mama."

"Mshike hivyo hivyo. Anaitwa Serafina."

Bujiku alimpokea kwa mikono iliyokakamaa, kama mtu aliyepewa chombo cha udongo. Mtoto alimkodolea macho, akapiga chafya.

"Wabeja," alimshukuru Mageni kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, akiwa ameshika kofia yake kifuani. "Wabeja, fundi."

Bujiku aliinama, akagusisha midomo yake kwenye nyayo za mtoto. Zilikuwa na joto.