Udongo Niliompelekea Soipan

Ile mbolea nyeusi ililetwa na lori miaka mitatu iliyopita. Ilikuwa tope la maji machafu ya mji, limekaushwa juani mpaka likawa kama majani ya chai. Mwenye lori alisema ni bure, na sisi huku nje ya Kitengela kitu cha bure hatukiulizi kimezaliwa na nani. Nikaimwaga shamba lote la chini. Wacha spinachi imee! Jani moja lingemfunika mwanambuzi.

Mnunuzi wangu alikuwa Ruqia, mwenye hoteli pale mjini. Siku moja akakuja mwenyewe, akasimama katikati ya mboga ameshika dera lisiguse matope.

"Mama Kuntai, wallahi spinachi yako naipenda. Lakini nasikia hiyo mbolea iko na metali nzito. Risasi, ile ya betri kuukuu. Inakaa kwa udongo, inapanda kwa majani, na kuosha hakusaidii. Niletee karatasi ya kupimwa. Bila karatasi sinunui."

"Na watu wako utawapikia nini?"

"Nitawapikia pole."

Basi nikampigia Soipan, msichana anayepima udongo kule Kajiado. Akasema, "Koko," yaani bibi kwa Kimaasai, "nitumie nusu kilo ya udongo wa shamba."

Sasa, kwetu mgeni hapewi maziwa ya chini ya kibuyu. Ningempelekeaje mtoto wa watu udongo wenye mizizi na minyoo? Nikapanda pale juu, kwa boma la zamani ambalo ng'ombe walilihama wakati wa ukame. Nikachota ule laini, nikauchekecha kama unga wa ugali, nikaufunga vizuri, nikautuma.

Baada ya wiki mbili Soipan akafika na karatasi, anacheka tangu kwa lango.

"Koko, huu udongo ni safi kabisa! Ulichimba upande gani?"

Nikamwonyesha boma kwa mkono, nikijivuna. Akaangalia juu. Akaangalia spinachi chini. Akaniangalia mimi.

"Koko. Mboga iko huku, na udongo umetoka kule?"

"Ndiyo. Wa huku ulikuwa mchafu."

Akakaa chini palepale, akacheka mpaka akafuta macho. "Koko jamani, huo mchafu ndio tunautafuta!"

Mume wangu, mzee Kisemei, alikuwa anasikia kutoka kivulini. "Karatasi si iko? Mpelekee Ruqia. Nani atajua?"

Nitasema ukweli: kwa muda kidogo niliishika ile karatasi kwa nguvu. Spinachi ilikuwa tayari, na shamba lilikuwa langu mimi, si la mzee. Halafu nikamrudishia Soipan.

"Mzee, hii watu wanakula," nikasema. "Chukua ndoo, mwanangu. Chimba unapotaka."

Akachimba mahali kumi, akachanganya na minyoo yake yote. Niliona aibu kama mtu aliyefikiwa na wageni kitanda hakijatandikwa.

Majibu yalikuja: risasi iko, na nyingine inaitwa kadmiamu, zimepita kiasi cha mboga za majani. Soipan akasema hapo chini nipande miti ya nguzo. Spinachi niling'oa kwa mikono yangu, na hata mbuzi sikuwapa. Mstari wa tatu nililia kidogo. Wa nne nikakumbuka kwamba pale juu pameshapimwa, na ni pasafi.

Shida ni moja. Kisemei alikuwa amepanga kujenga pale zizi la kondoo.

"Sasa kondoo watalala wapi?"

"Pale walipolala jana."

"Mama, hiyo ni boma ya baba yangu!"

"Na wewe ndiye ulitaka nidanganye watu na udongo wake."

Kesho yake nikamwona anabomoa miiba ya boma bila kutumwa.

Spinachi ya kwanza ya pale juu ilipokomaa nilimwita Ruqia. Kabla hajauliza nikampa ile karatasi ya boma ambayo Soipan alinirudishia, nikampeleka nilipochimba, nikamweleza yote, mpaka kuchekecha. Alicheka akashikilia bega langu asianguke.

"Mama Kuntai, ulitaka kumpikia huyo msichana ugali?"

Akaagiza mafungu ishirini ya Ijumaa. Maji ya kunyunyizia alibeba Kisemei, akinung'unika mlima wote kwamba kondoo hawangemtuma hivi.