Amri ya Kukwepa

Jumanne moja saa nne asubuhi, Prudencia Bagenda alifungua roboti ya kuchezea kwa bisibisi ya nyota, juu ya meza yake ya kutengenezea simu pale Pasiansi. Ilikuwa ya plastiki, rangi ya fedha, kimo cha chupa kubwa ya soda. Ilipotoka dukani ilijua mambo mawili tu, kusonga mbele na kupiga muziki. Mdogo wake, Jovitus, aliinunua mnadani akasema ataifanya roboti ya kweli, inayoona inakokwenda. Aling'oa kikasha cha muziki, akafunga mota mbili alizozitoa kwenye printa mbovu, kisha akapanda boti kwenda visiwani kufunga sola ya mtu. Boti ikazama. Hiyo ilikuwa Februari. Sasa ulikuwa Juni, na Prudencia alikuwa amechoka kuitazama roboti isiyo na macho.

Orodha ya abiria iliandikwa mwaloni, pale boti zinapopakilia, kabla boti haijaondoka, watu kumi na mmoja. Mbele kidogo boti ilisogea kwenye mawe ikapakia watatu zaidi, Jovitus akiwamo. Hao hawakuandikwa, na miili yao haikuonekana, kwa hiyo ofisi ya bandari ilisema hawakusafiri. Karani alimshauri Prudencia aulizie Uganda, vijana wengi huenda huko. Kule kwa mama yao, Muleba, padri alisoma misa akamwombea Jovitus "popote alipo", kama mtu aliyechelewa basi. Mama alikataa kuwaruhusu waombolezaji waondoke hadi aone jina la mwanawe limeandikwa. Shangazi wawili walikuwa bado wamelala sebuleni.

Kwenye matundu ya macho Prudencia alipachika kihisi cha umbali, kile chenye vikombe viwili vya bati. Hutoa sauti ambayo binadamu haisikii; sauti ikigonga kitu, inarudi. Alilehemu waya nne, akaandika amri kwenye kompyuta. Nenda. Ukikuta kitu, simama. Kisha kikwepe.

Roboti ilitembea sakafuni vizuri. Ilikwepa kabati, ikakwepa ndoo. Katikati ya kabati na mlango, mahali palipokuwa patupu, ilisimama, ikageuka, ikapita pembeni. Ilifanya hivyo mara tisa.

Mihayo, fundi cherehani wa chumba cha jirani, aliacha kushona akachungulia.

"Dada Prude, hicho kidude kimeharibika."

"Ni kizima. Pana mtu hapo."

"Nani?"

"Jovitus. Si ndipo alipokuwa anakaa?"

Mihayo alitazama sakafu. Palikuwa na maji kidogo, na jani la gugumaji.

"Basi mwambie viatu vyake ninavyo mimi. Asije akadhani vimeibiwa."

Prudencia alikwenda uani akarudisha kreti la soda mahali pake, ili mdogo wake asikae chini.

Kesho yake aliibeba roboti hadi kwenye mawe, akaiwasha juu ya jiwe bapa. Ilisimama mara mbili mbele ya hewa. Mbele ya hewa ya kwanza jiwe lilikuwa na alama mbichi ya fimbo ya kutembelea. Prudencia alisema shikamoo, kisha akasema, "Twendeni ofisini. Jovitus nimeshakuja naye."

Dereva wa bajaji aliwahesabu kwa kidole.

"Dada, mko wanne. Mimi napakia watatu. Bibi akae, huyu kijana achukue bajaji ya nyuma."

"Kwani lazima?"

"Watu wakizidi ni hatari, hamjui?"

Jovitus alichukua ya nyuma.

Karani wa ofisi, bwana Masele, alikuwa anakunywa chai. Prudencia aliiweka roboti sakafuni. Ilikwenda hadi mbele ya meza, ikakwepa mara tatu, ikagonga ukuta. Masele aliangalia madimbwi matatu kwenye vigae vyake.

"Huyu mwenye fimbo ni nani?"

"Simfahamu. Hakuandikwa."

"Shikamoo, bibi," alisema Masele, akawasogezea benchi wote watatu. Kisha akafungua jalada. "Na wewe unamtaka nani?"

"Jovitus Bagenda."

Alipitisha kalamu juu ya orodha, taratibu, mara mbili. "Hayupo."

"Yupo hapa."

"Hapa yupo, dada, sijakataa. Kwenye orodha hayupo." Akatoa fomu. "Jaza hii ya mtu aliyepotea. Utasaidika."

Prudencia aliirudisha fomu bila kuigusa kwa kalamu. "Hajapotea. Umemkalisha mwenyewe."

"Sasa mimi nifanyeje? Orodha imeshapigwa muhuri."

Prudencia aliiokota roboti akatoka. Alikaa kwenye ngazi za ofisi, akafungua kompyuta yake magotini, akaifuta ile amri ya tatu. Akabakiza mbili, nenda na simama. Aliporudisha roboti ndani, ilikwenda hadi mbele ya miguu ya Jovitus ikasimama, macho ya bati yakimtazama, na haikusogea tena.

Mlinzi alikuja akamwambia aiondoe, watu watajikwaa.

"Wajikwae," alisema Prudencia. "Sisi hatukwepi tena."

Tangu siku hiyo alifunga kibanda chake kila Jumatano na kwenda na betri mpya. Roboti ilisimama, naye alisimama nyuma yake. Wateja walizoea. Waliacha nafasi tatu kwenye benchi, na mfagizi alianza na upande huo kwa sababu ndio ulikuwa na maji mengi. Bibi aliletewa mto. Mara nne Masele alitoa ile fomu, na mara nne ikarudi nyeupe.

Mwisho wa mwaka ripoti ya ajali ilibandikwa ukutani, juu ya benchi. Masele aliibandika mwenyewe, amejinyoosha kwa vidole vya miguu ili asiwaguse waliokaa. Alipomkanyaga Jovitus kidogo alisema samahani. Ripoti ilisema kumi na mmoja.

Prudencia aliisoma yote, hadi kwenye muhuri. Kisha akachuchumaa, akabadilisha betri, akaiwasha.