Ndoo ya Wifi Mwanakombo

Saa saba mchana nilikuwa bado naisubiri ndoo ya wifi yangu. Mwanakombo, mke wa kaka yangu Mwishehe, alikuwa ameondolewa titi la kushoto tangu saa nne, nalo lilitakiwa liletwe maabara likiwa ndani ya ndoo ndogo nyeupe yenye dawa ya kuhifadhia. Maabara ndiyo kazi yangu. Nakata nyama vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, navipaka rangi, daktari anavitazama kwa hadubini. Hospitalini kwetu mbeba ndoo ni ndugu wa mgonjwa. Nikampigia muuguzi.

"Mumewe kachukua zamani," akasema.

Nikajua palepale. Kwetu kiungo kikikatwa hakitupwi, huzikwa. Mtu kapewa sehemu ya mkewe mkononi, angeipeleka wapi kama si nyumbani? Nilikuwa nimemweleza kaka habari za damu na chakula, hili la ndoo nikaliona dogo.

Hasira zangu ziko karibu, na bodaboda aliyenipeleka Kiwalani kwa kaka alizipata zote.

Nilimkuta Mwishehe uani, nyuma ya kamba za nguo. Shimo lilikuwa tayari, bafta ya sanda imekatwa, chupa ya marashi iko wazi. Ndoo, namshukuru Mungu, ilikuwa bado imefungwa.

"Kaka, usiifungue! Likitoka kwenye dawa litaharibika."

"Si litaharibika ardhini, Najma, kama sie sote? Mnataka kumkatakata tena? Hajakatwa vya kutosha?"

Nilitaka kumfokea. Badala yake nikakaa ukingoni mwa shimo.

"Kile kipande cha kwanza walichomtoa kabla ya dripu za dawa ya saratani nilikiona," nikasema. "Askari wa mwili wake walijaa nje ya uvimbe, ndani hamna hata mmoja. Wamesimama mlangoni kama watu wasiokaribishwa. Daktari akatanguliza dripu ili uvimbe usinyae kabla ya kisu. Seli za saratani zikifa kwa dawa, mara nyingine huwaita askari waingie. Mara nyingine hawaingii. Jibu limo humo ndooni, na dawa itakayofuata inategemea jibu hilo."

"Na kama hawakuingia?"

"Tutajua mapema, tumtafutie nyingine."

Akaipangusa ndoo vumbi. Ndipo nikasema nililokuwa nimelimeza miaka kumi na moja.

"Mama tulimzika na majibu yake, kaka."

Mama alikufa na uvimbe titini ambao hakuna aliyeutazama. Mwishehe ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Akalia, nami nikalia, kuku wakituzunguka. Kisha akaniwekea ndoo mapajani kwa mikono miwili.

"Kitakachobaki unirudishie."

"Chote."

Zilipita wiki mbili. Siku moja Dokta Adelard, bingwa wetu wa kusoma vipande, akanisogezea kiti mbele ya hadubini. Uvimbe uliosalia ulikuwa kama punje ya choroko, na humo ndani, si pembeni, palijaa nukta za buluu zilizosongamana.

"Wameingia," akasema. "Safari bado, lakini hii ni habari njema."

Nilifurahi, nikaangalia tena.

Ruhusa ya kuchukua kilichobaki ilipotoka, ilikuwa Ijumaa. Mwishehe hakuwa amelifukia shimo, alilifunika kwa bati kuku wasiingie. Tulipoweka kile kifurushi cha bafta, Mwanakombo akatoka ndani akishika ukuta, khanga kichwani pasipo na nywele. Akainama polepole, akatupa konzi tatu za mchanga kama wafanyavyo mazikoni. Akalitazama shimo.

"Mwishehe," akasema, "mbona ulichimba kubwa hivi? Ulidhani naingia mzima?"

Kaka akacheka, mara ya kwanza tangu Ramadhani tulipopata habari za uvimbe, akachukua jembe akalifukia shimo.