Maji Yasiyofaa Kunywa

Figo zangu zilipogoma, mimi ndiye niliyeibatiza ile dawa jina la maji. Daktari alikuwa na jina lake refu la kuuma ulimi, nikakataa lisiingie nyumbani kwangu. Huja kwenye mifuko ya plastiki. Unautundika mfuko juu, dawa inashuka kwa mpira hadi tumboni, inakaa humo ikikusanya uchafu, kisha unaitoa. Kila siku ya Mungu. Mke wangu alipouliza kama maji yameshuka, wageni walidhani bomba letu ni bovu.

Dada yangu ni wakala wa forodha, na ndiye aliyenitolea mizigo ya mifuko hiyo bandarini. Zamani kazi yake ilikuwa ya miguu na mdomo. Anafika dirishani kwa ofisa tuliyemwita Bwana Muhuri, anaeleza, ofisa anachungulia boksi, anagonga muhuri. Halafu ukaja mfumo wa kompyuta, hakuna foleni wala kujuana. Nilishangilia kuliko wote, maana nilichoshwa na habari za wakubwa wanaotaka chai.

Siku ya kuandikisha mzigo wangu, dada alikuwa hoi, mawazo yote yako kwangu. Mfumo ulipouliza aina ya bidhaa, mkono wake ukaandika kile ambacho mdomo wake umezoea: maji. Mfumo haukubisha. Ukauweka mzigo kwenye fungu la maji ya kunywa, na maji ya kunywa lazima yapimwe maabara kwanza.

Aligundua kesho yake, akakimbilia kwa Bwana Muhuri. Yule bwana hakumfukuza. Alitoka naye hadi ghalani, akaishika mifuko kwa mikono yake mwenyewe, akasoma maandishi, akakubali kwamba hii ni dawa, hata mtoto angeona. Waliporudi mezani akabofya huku na kule, mwisho akamgeuzia dada kioo cha kompyuta. Sampuli zilikuwa zimeshachukuliwa, na mfumo haukuruhusu tena kusahihisha.

"Dada, zamani ningegonga tu," alimwambia. "Siku hizi hata mimi naiomba ruhusa hii mashine."

Wakatuma maombi makao makuu. Kila dada alipofungua kompyuta aliambiwa yanashughulikiwa. Nilitamani kumjua huyo anayeyashughulikia, nimtie adabu. Dawa yenyewe haiuzwi madukani, na mashine ya kusafisha damu hospitalini ilikuwa na watu wengi wanaosubiri, wengine wameshaacha kusubiri. Basi nikaanza kubana matumizi. Mfuko wa mchana nikauruka, miguu ikavimba, viatu vikanikataa.

Jioni moja dada aliingia chumbani bila hodi, simu mkononi. Nilikuwa nimelala chali, mfuko wa mwisho ndiyo kwanza umeanza kushuka. Uso wake ulikuwa umeshanieleza, lakini nilimwambia asome.

Alisoma kwa sauti yake ya kazini. "Maji yamepimwa. Yana sukari na chumvi kupita kiasi. Hayafai kwa matumizi ya binadamu. Mzigo wote umeteketezwa."

Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, akalia kama mtoto, akisema ni mkono wake, ni mkono wake. Nilitaka kumtania, maana ndivyo tulivyolelewa, lakini utani haukuja. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu.

"Dada," nikamwambia, "hebu ubane huo mpira kidogo. Yashuke polepole."